Jicho Lenye Mistari Minne

Siku Redio alipowaambia wageni kwa mara ya kwanza kwamba mfalme alikufa mwezi wa Jicho, Mama Ngazi alikuwa amepiga magoti nje ya dirisha la chumba namba kumi na moja, akichokoa majani makavu yaliyoziba mfereji. Dirisha lenyewe halina kioo wala ubao, ni tundu tu la mawe linaloitazama bahari, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Sogeeni, mabibi na mabwana, msiogope, ukuta haung'ati," Redio alikuwa akisema. "Hii ndiyo kalenda ya wafalme. Mwezi wa Nyundo watu walijenga. Mwezi wa Samaki walivua. Mwezi wa Kitana, malkia na wajakazi wake walijipamba. Na huu hapa ni mwezi wa Jicho, mfalme alipokuwa akisimama dirishani kuangalia kama adui anakuja. Sasa hesabuni mistari. Nyundo ina kumi na mmoja, Samaki tisa, Kitana saba. Jicho lina minne tu. Kwa nini? Kwa sababu mfalme alikufa kabla mwezi haujaisha, na kalenda ikasimama!"

Wageni wakaguna kwa masikitiko. Simu zikanyanyuliwa juu, picha zikapigwa.

Mama Ngazi akaacha kuchokoa. Akaiweka mikono mapajani kama anamtuliza mtoto wa mtu.

Huyu Redio ni mtembeza wageni wa mji ule wa kale. Huwaka asubuhi geti likifunguliwa na huzimika jioni likifungwa, na katikati hapo hakuna wa kumpunguza sauti. Mji umepanda kilima, nyumba juu ya nyumba, ngazi mia tatu na kumi na mbili kutoka barabarani hadi kwenye magofu ya juu kabisa, na ukifika huko unaiona bahari yote, na meli za mizigo zimepangana kama viatu mlangoni. Ngazi hizo zote mia tatu na kumi na mbili hufagiliwa na mtu mmoja. Ndiyo maana wanamwita Mama Ngazi.

Na chumba namba kumi na moja ndimo alimozaliwa.

Hili wageni hawaambiwi. Kibao cha getini kinasema mji uliachwa mamia ya miaka iliyopita, kama vile watu waliondoka wakafunga mlango na ufunguo wakautupa baharini. Kumbe watu walikuwemo. Waliziezeka kuta zile, wakatia milango, wakafuga mbuzi, wakazaa, wakagombana kwa sababu ya moshi wa majirani. Mama Ngazi alikuwa na miaka kumi na mmoja malori yalipokuja kuwashusha bondeni, ili mji uhifadhiwe. Mapaa yalivunjwa siku hiyo hiyo ili mtu asipate wazo la kurudi. Yeye alirudi baada ya miaka kumi na tisa, amevaa ovaroli ya kijani, ameshika ufagio.

Ile alama ya jicho si mwezi. Ni mdogo wake wa mwisho, waliyezoea kumwita Kitinda, na ilichorwa na mama yao kwa msumari. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mvua, watoto wakiwa wamebanana ndani na kelele zimejaa chumba, mama yao alikuwa akiwasimamisha ukutani mmoja mmoja, kisigino kigusane na ukuta, kidevu kisinyanyuliwe, kisha anachora mstari juu ya utosi. Kusoma hakujua, kwa hiyo kila mtoto alimpa alama yake. Kaka mkubwa nyundo, kwa sababu alikuwa akigonga kila kitu. Mama Ngazi samaki, kwa kuteleza mikononi akiogeshwa. Mdogo wake wa kike kitana. Kitinda alizaliwa na macho makubwa kama ya mtu aliyeshtuliwa, akapewa jicho.

Kitinda alipatwa na homa kabla ya mvua ya tano. Baba yao alimbeba mgongoni akashuka naye ngazi zote mbio, lakini zahanati ilikuwa mbali na ngazi zilikuwa nyingi. Mvua zilipokuja, watoto watatu waliobaki walijipanga ukutani wenyewe wakasubiri. Mama yao akautazama msumari, akautupa nje. Hakumpima mtu tena.

Kwa hiyo Redio hakukosea yote. Kalenda ilisimama kweli. Na hicho ndicho kilichomuuma Mama Ngazi kuliko uongo wenyewe.

Kosa lake mwenyewe analijua. Miaka miwili nyuma, Redio alipoanza hadithi yake ya kalenda, yeye alicheka. Aliona ni maneno ya kuwachangamsha wageni, kama anavyowaambia kwamba kisima hakina mwisho, wakati Mama Ngazi mwenyewe alishaingia ndani yake kutoa ndoo. Akaiacha ipite. Hadithi ikaota miguu. Ikatoka kwa wageni ikaingia kwenye magazeti, ikatoka kwenye magazeti ikaingia makao makuu, na Jumatatu iliyofuata siku ile ya dirishani mkuu wa kituo akawakusanya wafanyakazi wote uwanjani.

Mkuu wa kituo anaitwa Bwana Kibali. Ukitaka kuhamisha toroli, kibali. Ukitaka kwenda msibani, kibali, na aliyekufa awe ametoa taarifa mapema.

"Alhamisi anakuja mtaalamu wa mambo ya kale," Bwana Kibali akatangaza. "Kalenda ya wafalme itakatwa kwa mashine, ukuta mzima, ipelekwe makumbusho ya mji mkuu, iwekwe ndani ya kioo. Ni heshima kubwa kwa kituo chetu, na kwa uongozi wake." Uongozi wake ni yeye.

Mama Ngazi alishuka ngazi siku hiyo moja kwa moja hadi nyumbani.

Mama yake anaishi naye bondeni, chumba cha mbele, magoti yamegoma. Kilimani hajapanda miaka kumi sasa, lakini mdomo wake bado unapanda popote.

"Kalenda?" akauliza, mkono sikioni. "Kalenda ipi? Mimi hata ile ya bure ya dukani sijawahi kuwa nayo."

"Ndivyo wanavyosema, mama. Ya wafalme."

Mama yake akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mimi ndiye mfalme! Nimezoa mavi ya mbuzi miaka yote ile, kumbe mfalme! Mbona hamkuniambia mapema, nikae kitako mnipikie?"

"Mama, wanataka kuukata ukuta. Wanaupeleka mji mkuu."

Kicheko kikakatika. "Wote?"

"Wote."

"Na ya Kitinda?"

"Na ya Kitinda."

Mama yake akaanza kukunja kipande cha nguo kilichokuwa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. "Picha yake sina," akasema. "Kaburi lake walilisawazisha walipopanua maegesho ya magari, nikaambiwa nishukuru maendeleo. Nimebaki na mistari minne. Na hiyo nayo wanaitaka?"

"Nikisema ni yetu, watasema tumechafua ukuta wa serikali. Wataifuta."

"Na usiposema?"

"Wataiweka kwenye kioo waiite mfalme."

"Mwanangu hakuwa mfalme," mama yake akasema, sauti imepanda ghafla. "Alikuwa anakojoa kitandani. Alikuwa hali mpaka umwimbie. Alikuwa na kovu hapa, chini ya kidevu, alianguka na kikombe. Nenda ukawaambie. Wakifuta, wafute kitu wanachokijua."

Alhamisi mtaalamu akafika, mwanamke mrefu mwenye miwani na tepu ya kupimia kiunoni, na mafundi wawili wamebeba mashine ya kukatia mawe. Bwana Kibali alikuwa amevaa koti jeusi katika jua lile, jasho linamtiririka kama bomba bovu. Redio alisimama kando akirekebisha koo. Mama Ngazi aliamriwa kufagia sakafu ya chumba, kisha akaambiwa asimame pembeni.

Hakusimama pembeni.

"Samahani, mtaalamu," akasema. "Hiyo siyo kalenda."

"Mama Ngazi!" Bwana Kibali akageuka. "Una kibali cha kuzungumza na mtaalamu?"

"Nina mdomo, bosi."

Fundi mmoja akakohoa ili asicheke. Mtaalamu akavua miwani. Mama Ngazi akaeleza: msumari, mvua, watoto wanne, kisigino ukutani. Alieleza harakaharaka, bila kituo, kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi. Alipomaliza, Redio akasonya.

"Mama huyu ni mwenzetu, tunampenda," akasema, "ila kazi yake ni ufagio. Historia ina wenyewe."

"Wenyewe ndio sisi!" Mama Ngazi akamgeukia. "Wewe umezaliwa hapa? Umemzika mtu hapa? Kabla ya hii kalenda ulikuwa unawaambia wageni hiki chumba ni jela. Kabla ya hapo, ghala la pilipili. Mimi nimelala hapa, pale kwenye kona, miguu ya mdogo wangu usoni mwangu!"

"Mama," mtaalamu akasema taratibu, "wengi huja na hadithi za babu na bibi. Sikatai. Lakini kuna kitu unaweza kunionyesha?"

Hapo Mama Ngazi akakwama. Cheti hana, picha hana, shahidi ana magoti mabovu bondeni. Akautazama ukuta, nyundo, samaki, kitana, jicho. Akaziona siku zile za mvua, watoto wamejipanga, Kitinda anakanyagakanyaga akilia kwamba na mwenzake apimwe naye, la sivyo hasimami. Akapiga magoti.

"Ondoeni hiki kifusi," akawaambia mafundi. "Chini ya jicho, karibu na sakafu. Kilianguka siku walipovunja paa, hakuna aliyekigusa tangu hapo. Mtakuta pembe mbili na mstari mmoja."

"Pembe za nini?" mtaalamu akauliza.

"Za mbuzi. Kitinda alikataa kupimwa mpaka mbuzi wetu apimwe kwanza. Tulimshika watatu, akamkanyaga kaka."

Mafundi wakamtazama mtaalamu, mtaalamu akaitikia kwa kichwa. Wakatoa mawe, wakatoa udongo, Mama Ngazi akapangusa kwa kiganja. Zikatokea pembe mbili zilizopinda, na juu yake mstari mmoja uliokwenda kombo, kwa sababu mbuzi hakutulia.

"Mfalme Mbuzi wa Kwanza!" fundi akaangua kicheko, na safari hii hakujizuia.

Redio akawa kama ameishiwa betri. Mtaalamu alichuchumaa pale muda mrefu. Kisha akainuka, akaweka kiganja kwenye mstari wa juu wa jicho. Ulimfika kiunoni. Akakiacha kiganja hapo, kimelala, kama kinavyolala juu ya kichwa cha mtoto aliyekuja kusimama karibu nawe bila sababu.

"Ninaye wa kimo hiki nyumbani," akasema.

Akawaambia mafundi wafunge mashine. Akaandika kwenye daftari lake kwamba alama si za kale, akamshika Mama Ngazi mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka na gari lake. Mama Ngazi akashusha pumzi aliyoishikilia tangu Jumatatu.

Aliishusha mapema.

Ijumaa asubuhi alimkuta Bwana Kibali ndani ya chumba namba kumi na moja, bila koti, ameshika brashi ya waya.

"Umeniaibisha mbele ya makao makuu," akasema. "Sawa. Mtaalamu ameandika si za kale. Kama si za kale, ni uchafu. Na uchafu hapa kituoni ni kazi ya nani?"

Akamnyooshea brashi.

Mama Ngazi aliitazama brashi ile. Ni yeye mwenyewe aliyeiagiza stoo, kwa ajili ya kusugua kinyesi cha ndege kwenye ngazi za juu.

"Sisugui," akasema.

"Unakataa amri?"

"Bosi, hiki kituo nimekifagia miaka ishirini na miwili. Nimeokota matapishi ya wageni. Nimeokota nepi. Nimeshuka ngazi hizi na mzee wa watu aliyezimia, mgongoni, gari la wagonjwa limekataa kupanda. Sijawahi kusema sifanyi. Leo unaniambia nimfute mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Hivi wewe huna ndugu? Ulianguka kutoka mbinguni na mhuri mkononi?"

"Usinipandishie sauti! Ni ukuta tu!"

"Jana ulikuwa wa mfalme, ukavaa koti. Leo ni wa maskini, umekuwa ukuta tu."

Mtu wa namna ya Bwana Kibali akikosa la kujibu hutafuta la kufanya. Akajitosa ukutani mwenyewe. Alianza na kitana, kwa nguvu za hasira, krakra, krakra, vumbi jeupe likamwingia puani. Mama Ngazi akamvaa kwa kelele, akajipenyeza kati yake na jicho, mgongo umebana ukuta, mikono ameitandaza.

"Nisugue mimi kwanza!"

"Toka hapo!"

"Nisugue nakwambia! Anza na uso!"

Bwana Kibali akaendelea na kitana, upande wa pili, akikandamiza brashi kwa mikono miwili. Ndipo ukuta ukatoa sauti, si kubwa, kama mtu anayevunja mkate mkavu. Pande la plasta ya chokaa, kubwa kama sinia, likabanduka na kitana chake chote na mistari saba, likashuka sakafuni na kuwa unga na vipande.



Mistari ilikuwa ya juzi, ndiyo. Lakini plasta iliyobeba mistari ilikuwa ya kale hasa, ya wale waliojenga mji. Hilo Bwana Kibali alilijua, limeandikwa kwenye vibao vyote alivyovisimika mwenyewe: usiguse, usiegemee, usikwangue, kosa la jinai. Brashi ikamwanguka. Uso uliokuwa umevimba kwa amri ukanywea.

"Mama Ngazi," akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia pale kituoni. "Dada yangu. Hebu tuyazungumze haya kama watu wazima."

"Leo nimekuwa dada yako."

"Tuseme ni mvua. Plasta ya zamani hudondoka yenyewe. Mimi nitaacha hizo zilizobaki, sitazigusa, na wewe hukuona kitu. Tumeelewana?"

Mama Ngazi akainamia sakafu. Alikuwa akitazama vipande. Mdogo wake wa kike yuko mbali, ana wajukuu, hata hajui asubuhi ile kwamba utoto wake umemwagika sakafuni. Alitamani kukubali. Jicho lingebaki. Angeshuka bondeni amwambie mama yake limebaki, mama yake angelala usingizi. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Lakini akaona itakavyokuwa. Kesho na keshokutwa, Redio atapita na wageni kimya, kwa kuwa hana la kusema, na jicho litabaki ukutani kama siri ya wezi wawili. Baada ya Bwana Kibali kustaafu atakuja mwingine na brashi nyingine. Wazazi wake na majirani walishawahi kukubaliana vivyo hivyo na watu wa malori: nyamazeni, mtapewa viwanja. Wakanyamaza.

"Ukiulizwa, sema unavyotaka," akamwambia. "Mimi nikiulizwa nitasema nilichokiona. Na hata nisipoulizwa."

"Nitakuandikia barua! Ya onyo! Ya mwisho!"

"Iandike vizuri, bosi, na plasta uitaje."

Sauti zikasikika ngazini. Redio alikuwa anapanda na kundi la kwanza, watu kumi na wawili hivi, wanahema, wamenunua kofia. Akaingia, akaona vumbi hewani, akaona ukuta wenye kidonda cheupe, akamwona bosi wake amesimama mbele ya brashi akijaribu kuificha nyuma ya kiatu.

"Hapa ni wapi?" mgeni mmoja akauliza. Alikuwa mama kijana, amembeba mtoto kiunoni, begi la nepi begani, nywele zimemtoka kwenye kilemba. "Mbona kumevunjika?"

Redio akamtazama Bwana Kibali. Bwana Kibali akatazama bahari.

Mama Ngazi akajipangusa mikono kwenye ovaroli. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, wageni wa mbele wakarudi hatua moja nyuma.

"Hapa ni nyumbani kwetu," akasema. "Kumevunjika asubuhi hii, kumevunjwa kwa brashi ya waya, na aliyevunja ni huyu hapa. Hapo palikuwa na mdogo wangu wa kike, tangu alipoanza kusimama mpaka miaka saba. Hii nyundo ni kaka yangu. Samaki ni mimi."

"Mama Ngazi, rudi kwenye kazi yako," Bwana Kibali akasema, bila kugeuka.

"Nipo kazini."

Mtoto wa yule mama kijana akanyoosha kidole kwenye alama ya mwisho. Mama yake akamsogeza karibu, kisha akauliza, taratibu, kwani alishaona mistari ilivyo michache, "Na hili jicho?"

"Hilo ni la mdogo wetu wa mwisho," Mama Ngazi akasema. "Sasa nisikilizeni vizuri, maana wenzenu wameshaambiwa mengi kwenye ukuta huu."

Bwana Kibali akaanza kutoka, akakuta mlango umejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyempisha.